Uzi: Wageni wa majira katika ufukwe wa Shangani, Mtwara, na mahali wanapopumzika maji yakijaa

Mwanzisha uzi, Shangani

Wakazi wenzangu wa Mtwara, Mikindani na Lindi, nawasalimu.

Nafungua uzi huu katika wiki ya pili ya Machi, wakati kaskazi imeanza kulegea na mvua bado zinanyesha, kwa sababu huu ndio wakati ambao ufukwe wetu wa Shangani unakaribia kuwaaga wageni wake wengi. Kwa miaka 11 sasa nimekuwa nikipita chini ya mivinje ya ufukweni karibu kila siku, nikiwa na darubini kuukuu na daftari, na jambo linalonielemea ni kwamba watu wengi wa mji huu wanaamini kuwa wanyamapori ni wa Serengeti, Ruaha na Nyerere, na kwamba mtu wa Mtwara akitaka kuwaona sharti apande basi. Ilhali kila mwaka, kuanzia Agosti, mwambani hapa hapa ambapo kina mama huchokoa pweza, hushuka ndege ambao wiki chache tu zilizopita walikuwa kwenye nyika za baridi za kaskazini kabisa mwa Urusi, mahali ambapo mwezi wa Juni jua halituwi.

Ninaowazungumzia hasa ni sululu na vitwitwi. Sululu mnamfahamu, hata kama hamjamtazama kwa makini: ni ndege wa rangi ya udongo, mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, nao mdomo huo unafanana kweli na lile sululu la kuchimbia. Uzito wake haufiki nusu kilo. Juzi, maji yalipokuwa yamekupwa, nilikaa juu ya jiwe nikamtazama mmoja kwa muda mrefu. Aliingiza mdomo wote ndani ya shimo la kaa, akazungusha kichwa kufuata mpindo wa shimo, akamtoa kaa aliyekuwa akitapatapa. Akamtikisa kwa nguvu hadi miguu ikamwagika mmoja mmoja mchangani, akambeba hadi kwenye kidimbwi akamsuuza, kisha akammeza mwili mzima. Baada ya hapo alirudi nyuma kwa utaratibu kabisa na kuiokota ile miguu. Niliona ni kazi ya fundi.

Vitwitwi ni wadogo zaidi na hutembea kwa makundi. Wapo wa aina kadhaa, na ninayemfuatilia kwa karibu ni yule mwenye mdomo mweusi uliopinda kidogo, ambaye ana uzito wa gramu 60 hivi. Kuanzia Oktoba hadi Februari huwa na rangi ya kijivu isiyovutia macho, lakini mwezi huu kifua chake kinaanza kuingia wekundu wa tofali, madoa madoa kwanza, halafu mwili wote. Wekundu huo ni vazi la harusi. Ndege akishalivaa, ujue safari ya Siberia imekaribia.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Ndege hawa hula maji yakipwa, na maji yakijaa hawana pa kula, hivyo hukusanyika mahali pamoja pakavu, wakasimama kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni, wakisubiri. Hapa Shangani mahali hapo ni ulimi mfupi wa mchanga mbele ya mivinje, ambao hauzidi urefu wa uwanja wa mpira. Katika wiki hizi ndege anajaza mafuta mwilini, kwa kuwa bila mafuta hayo hawezi kuruka mfululizo kwa siku na usiku, na kila anapokurupushwa huyachoma bila faida. Jumapili iliyopita, katika muda wa saa moja, niliona kundi lile lile likirushwa mara saba: mbwa mara mbili, pikipiki mara tatu, na watoto mara mbili. Baada ya mara ya saba halikurudi tena.

Nawaomba tuandike hapa tunachokiona, kwa tarehe, upepo na hali ya maji. Nawaomba pia tujadili ulimi huo wa mchanga, kwani ndio ninaoupigania.

Mchangiaji wa Mikindani

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwa furaha, na ninaomba orodha isiishie kwa ndege wa ufukweni, maana hata miti ya mjini ina wageni wake.

Kwetu Mikindani mibuyu ni mingi, na mwishoni mwa mwaka, mvua zinapokaribia, mbuyu ulio nyuma ya nyumba yetu hutoa maua. Ua la mbuyu hufunguka jua linapotua. Mwaka jana nilimkalisha mwanangu kibarazani tukalitazama moja lililoning'inia chini kabisa: ganda la kijani lilipasuka, vikatoka vipande vitano vyeupe vilivyojikunja kuelekea juu mbele ya macho yetu, na ule mpira wa nyuzi za katikati ukabaki wazi kama brashi ya unga. Harufu yake si nzuri, inafanana na kitu kilichoanza kuchacha. Haikufika hata saa mbili usiku popo wakubwa, wale walao matunda, wakaanza kuja, wakikumbatia ua kwa mbawa na kuondoka na unga wa manjano kifuani. Asubuhi ua lilikuwa limekunjamana, na kufikia jioni lilikuwa chini, rangi ya kahawia.

Nataja hili kwa sababu watu wanawapiga popo mawe wakisema ni uchawi, na hapohapo wanalalamika kwamba mbuyu hauzai. Bila wachavushaji wa usiku mabuyu hayapatikani. Komba nao huja kulamba maua hayo, ila hao wapo mwaka mzima na kelele zao kila mtu anazijua.

Mchangiaji wa Msimbati

Mwalimu, mimi ni mvuvi, niko ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Nina mambo mawili.

La kwanza ni nyongeza. Umeandika kana kwamba wageni wote huletwa na kaskazi. Kusi nayo ina wageni wake, na ndio wakubwa kuliko wote. Kuanzia Julai, kipupwe kikiwa kimekolea, nyangumi wa nundu hupita huku kwetu wakitoka bahari ya barafu ya kusini, wakija kuzaa na kupandana katika maji ya joto. Agosti na Septemba ndiyo miezi yao hasa, na hadi Novemba waliochelewa huonekana na watoto wao. Mtoto akizaliwa ana urefu wa mita 4 na zaidi, na mama yake anaweza kufika mita 15. Asubuhi bahari ikiwa shwari huhitaji chombo: kaa ufukweni ukitazame kisima kinavyotoka majini, yaani pumzi yake, kisha uhesabu hadi atakapozama na kuinua mkia. Tukiwa kwenye mtumbwi huwasikia kabla ya kuwaona. Tukizamia, madume huimba, na sauti hiyo huisikii masikioni tu, unaisikia kwenye mbavu.

La pili ni swali. Unasema ufukwe unakaribia kuwaaga wageni wake, sululu wakiwemo. Mimi nimewaona Juni na Julai, kusi ikivuma. Si kundi kubwa, wachache tu, lakini nimewaona kwa macho yangu na si mwaka mmoja. Je, wale ni wagonjwa?

Mwanzisha uzi, Shangani

Marahaba, mwanangu wa Mikindani. Popo wako nimewaandika, na wanastahili.

Ndugu yangu wa Msimbati, ahsante kwa kunirekebisha. Ni kweli niliandika nusu ya kalenda, na mtu anayetaka kuijua pwani hii lazima aijue kwa pande zote mbili za upepo. Kuhusu sululu wa Juni, umeona sawasawa na si wagonjwa. Wengi wao ni vijana, waliozaliwa mwaka uliotangulia, ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa. Kwa kuwa hawana kiota cha kukimbilia, hawana sababu ya kujihatarisha kwa safari ya maelfu ya kilomita, na hivyo hubaki huku hadi wenzao warudi. Ndiyo maana nawaombeni muandike hata miezi ambayo mnadhani haina kitu.

Nina mgeni mwingine ninayependa kumtaja, kwa sababu wa Msimbati watakuwa wanamwona zaidi kuliko sisi: yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kama kisu cha kuvunjia, ambaye chakula chake kikuu ni kaa. Huyu hatoki Siberia. Huzaa katika visiwa na fukwe za Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Omani, tena huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe humo ndani, jambo ambalo ndege wengine wa jamii yake hawalifanyi. Kinachonigusa ni kwamba mtoto wake huendelea kulishwa na mzazi hata baada ya kufika huku. Ukisikia sauti ya kuombaomba isiyokoma kwenye fungu la mchanga mwezi wa Novemba, tafuta kinda wa rangi ya kijivu anayemfuata mkubwa nyuma nyuma, na utakuwa unatazama mtoto aliyevuka bahari akiwa bado hajaachishwa.

Mchangiaji wa Shangani

Kaka, mimi ni mmoja wa hao kina mama wa pweza uliowataja mwanzoni, nami nimefurahi kwamba hukutulaumu, maana tumezoea kulaumiwa.

Naomba niwaeleze wanaotaka kuwaona ndege hawa kwamba wasitoke nyumbani bila kuuliza maji. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, hapa kwetu maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi alasiri. Wakati wa maji mafu mambo hugeuka: asubuhi hiyo hiyo ya saa nne maji yamejaa, ingawa si kwa nguvu. Watu wa mjini hutoka kazini, wakafika ufukweni saa kumi na moja wakati wa bamvua, wakakuta mwamba umefunikwa wote, wakasema Shangani hakuna ndege. Ndege wapo, wamesimama pale kwenye mchanga, na wao wamepita katikati yao wakiwa kwenye simu.

Sisi mwambani tunakwenda polepole, tumeinama, na ndege wametuzoea. Kitwitwi hunikaribia hadi hatua kumi hivi, kwa sababu mawe tunayoyageuza yana wadudu. Mimi huyarudisha mawe yalivyokuwa, kama mama yangu alivyonifundisha, kwani jiwe lililoachwa chali jua huua kila kilichokuwa chini yake, na kesho hupati pweza wala ndege hapati chake. Kwa hiyo kinachowafukuza si sisi. Ni pikipiki zinazojaribiwa mchangani na mbwa wanaoachiliwa, kama ulivyosema. Niongeze kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu. Asili yao ni Bara Hindi, waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, na mahali penye taka wanazaliana. Nimewaona wakimsumbua ndege mmoja mchovu hadi akaangukia majini. Tukiondoa takataka za vyakula chini ya mivinje, tumepunguza kunguru.

Mchangiaji wa Lindi Mjini

Nashukuru kwa uzi. Kwetu Lindi, mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wakatoka, huja kozi wadogo, makundi kwa makundi, miguu yao ni ya rangi ya chungwa, nao huwadaka kumbikumbi angani kwa makucha na kuwala hukohuko juu. Baada ya siku chache hawapo. Katika siku hizohizo kereng'ende hujaa hewani, hata mahali pasipo na maji. Je, kuna uhusiano?

Mwanzisha uzi, Shangani

Upo, na ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote ninayoyajua kuhusu bahari yetu.

Kozi hao huzaa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, na hupewa jina la mto Amur. Wakiondoka huko hupitia India, kisha huivuka bahari yote hadi Afrika Mashariki, ndipo waendelee kusini. Wana uzito wa gramu 150 hivi tu. Huwezi kuivuka bahari kwa mwili mdogo kiasi hicho usipobebwa na upepo, na upepo wenyewe ni kaskazi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi Mikindani na Kilwa. Kuhusu kereng'ende, mtafiti Charles Anderson, aliyeishi Maldives, aliona wakitua kwa wingi kila mwaka katika visiwa vile visivyo na mito, na mwaka 2009 akachapisha hoja kwamba wanasafiri kutoka India hadi Afrika Mashariki kwa upepo huohuo, wakifuata mvua ili watage katika madimbwi mapya. Alieleza pia kwamba ndege walao wadudu, wakiwemo kozi hawa, huvuka katika kipindi hichohicho, na kereng'ende wanaweza kuwa chakula chao juu ya bahari. Kwa hiyo unapomwona kereng'ende juu ya kamba ya kuanikia nguo mwezi wa Desemba, huenda unamwona msafiri aliyevuka zaidi ya kilomita 2,000 za maji kwa mbawa nyembamba kuliko karatasi.

Andika tarehe ya kumbikumbi wa kwanza, tafadhali. Ni tarehe yenye thamani.

Mchangiaji wa Ligula

Mwalimu, kwa heshima zote, nina pingamizi. Vijana wa mtaani hawana kiwanja cha kutosha, na ufukwe ndio mahali pekee pasipolipiwa. Ukianza na ndege leo, kesho kutakuwa na uzio na tiketi. Isitoshe, ndege wana pwani yote kuanzia hapa hadi Ruvuma. Kwa nini wang'ang'anie mchanga wetu?

Mwanzisha uzi, Shangani

Pingamizi lako ni la haki, na mimi mwenyewe sitaki uzio. Ufukwe ukifungwa kwa wananchi, nitakuwa wa kwanza kuandika barua.

Hesabu yangu ni hii. Ndege wanahitaji ulimi ule maji yakiwa juu tu, yaani kama saa mbili au tatu kwa mkupuo mmoja. Kati ya hizo, zinazogongana na muda wa vijana kucheza ni za alasiri za bamvua, nazo hutokea siku chache katika kila wiki mbili. Katika siku hizo maji yakijaa kabisa uwanja wenyewe wa mpira huwa umefunikwa nusu. Upande wa pili, kwenye mivinje, nafasi ipo na ni kavu. Ninachoomba ni kwamba kuanzia sasa hadi mwisho wa Aprili, alasiri za bamvua, mchezo uhamie upande ule, mbwa wafungwe kamba, na pikipiki zisiingie mchangani.

Kuhusu pwani yote, sululu mwenye njaa anaweza kweli kwenda mbali, lakini mahali pa kupumzika hupachagua karibu na mahali pa kula, penye uwazi wa kumwona adui akija kutoka pande zote. Mikoko ya Mikindani ni mizuri kwa mambo mengine, na sululu huweza kulala juu ya mlilana au mchu, ila kitwitwi hatui mtini. Akinyimwa mchanga hubaki akizunguka hewani hadi maji yapwe. Tukumbuke pia kwamba Aprili si mwezi wa kuaminika. Kimbunga Kenneth kilipoipiga Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, nasi hapa Mtwara tukaambiwa tujihifadhi, ndege wa mwisho walikuwa bado hawajaondoka. Mwenye mafuta mwilini angalau huwa na akiba ya kuvumilia.

Mchangiaji wa Ligula

Nimekuelewa. Mdogo wangu ni nahodha wa timu ya pale. Nitazungumza naye kuhusu kuhamia kwenye mivinje siku hizo, ila naomba mtu atupatie orodha ya tarehe za bamvua, kwa sababu sisi wa Ligula hatuhesabu mwezi.

Mchangiaji wa Shangani

Orodha nitaiandika mimi na kuibandika kwenye kibanda cha kahawa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hesabu siku hiyo na mbili zinazofuata.

Mwanzisha uzi, Shangani

Naripoti ya Aprili, wiki ya tatu. Maleleji, upepo haujulikani unatoka wapi, anga imesafishwa na mvua ya asubuhi. Bamvua, maji yamejaa saa kumi kasorobo.

Timu ilicheza upande wa mivinje. Mpira uliingia mchangani mara moja, na kijana aliyeufuata alizunguka kwa mbali, akautoa kwa mguu bila kukimbia. Ndege waliinua vichwa lakini hawakuruka. Nilihesabu vitwitwi 64, nikarudia nikapata 67, karibu wote wekundu, na sululu 9.

Saa kumi na moja na nusu walianza kutotulia. Walikuwa wakiamka, wakijinyoosha bawa moja moja, wakiitana kwa sauti ambayo siisikii miezi mingine. Kisha vitwitwi kama 40 waliruka kwa pamoja, wakapita juu ya mwamba kama wafanyavyo kila siku, lakini badala ya kurudi kutua wakaendelea kupanda, duara la kwanza, la pili, wakajipanga mstari uliopinda, wakaelekea kaskazini juu ya ghuba wakiwa bado wanaitana. Niliwafuata kwa darubini mpaka wakawa vumbi. Yule nahodha wa timu alikuwa amesimama kando yangu, mpira kwapani, akaniuliza wanakwenda wapi. Nilipomwambia, aliniomba darubini.

Sululu tisa wamebaki. Kesho maji yanajaa saa kumi na nusu.